Seneta Asiye na Wapiga Kura: W. B. Yeats katika Seneti ya Ayalandi, 1922–1928

Katika nchi nyingi zenye bunge la mabaraza mawili, baraza la juu halipewi heshima kubwa. Husemwa kwamba wajumbe wake hawakuchaguliwa na umma, hawana jimbo la kulisemea, wala hawana uwezo wa kuiangusha serikali. Basi maneno yao ni upepo tu. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mfano mmoja unaofaa kulipimia ni Seneti ya kwanza ya Dola Huru ya Ayalandi, na ndani yake mjumbe mmoja, William Butler Yeats, ambaye ulimwengu wamjua zaidi kwa ushairi wake. Alikaa katika Seneti hiyo miaka sita, tangu Desemba 1922 hata Septemba 1928. Katika muda huo alisimama kunena juu ya mambo makubwa na madogo: hati za kale za Kiairishi, picha zilizozuiliwa London, uchafu wa majengo ya shule, na sheria ya talaka. Kusudi la makala hii ni kuyatazama machache katika mambo hayo, hasa yale yanayohusu lugha, na kuonyesha kwamba thamani ya neno lililonenwa barazani haipimwi kwa kura za siku lilponenwa peke yake.

Dola Huru ya Ayalandi ilianza rasmi tarehe 6 Desemba 1922, mwaka mmoja kamili baada ya mkataba uliotiwa sahihi London kati ya wajumbe wa Wairishi na serikali ya Uingereza. Katiba yake iliweka mabaraza mawili: Dáil, yaani baraza la wawakilishi waliochaguliwa na raia, na Seanad, yaani Seneti yenye wajumbe 60. Katika Seneti ya kwanza nusu ya wajumbe walichaguliwa na Dáil, na nusu ya pili waliteuliwa na W. T. Cosgrave, Rais wa Baraza la Utawala. Uteuzi huo ulikuwa na shabaha yake. Waprotestanti wa Dola Huru walikuwa wachache, wapata 7 tu katika kila watu 100, na wengi wao walikuwa wameupinga utengano na Uingereza. Viongozi wa taifa jipya walikuwa wamewaahidi kwamba hawatatengwa na mambo ya nchi; na Cosgrave akatimiza ahadi kwa kuwatia katika Seneti wenye mashamba makubwa, wenye viwanda, wenye mabenki na wataalamu wa jamii hiyo. Uwezo wa baraza lenyewe ulikuwa na mipaka. Liliweza kurekebisha mswada wa sheria, au kuuchelewesha kwa siku 270, lakini halikuweza kuuzuia daima. Na katika mambo ya fedha liliweza kutoa ushauri tu.

Hata hivyo kukaa katika baraza hilo dogo la uwezo hakukuwa jambo la salama. Seneti ilikutana mara ya kwanza tarehe 11 Desemba 1922, na wakati huo nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya walioukubali mkataba na walioukataa. Waliokataa waliwahesabu maseneta kuwa adui. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo risasi zilipigwa katika nyumba ya Yeats iliyokuwa Merrion Square, Dublin. Januari 1923 nyumba ya Sir Horace Plunkett, mwasisi wa vyama vya ushirika vya wakulima, iliteketezwa. Mwezi huohuo seneta Oliver St John Gogarty, tabibu na mwandishi, alikamatwa na watu wenye bunduki, akaokoka kwa kujitosa katika mto Liffey na kuogelea hata ng'ambo. Na mwezi wa pili yake nyumba yake ya Renvyle, magharibi ya nchi, ikachomwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kiti cha useneta kilikuwa kiti cha kupumzikia wazee. Walioketi humo katika majira yale ya baridi waliweka mali zao, na wengine roho zao, katika hatari.

Yeats alikuwa na umri wa miaka 57 alipoteuliwa. Alizaliwa Sandymount, karibu na mji wa Dublin, mwaka 1865, katika ukoo wa Kiprotestanti, akakulia kwa zamu Sligo na London. Mwaka 1904 yeye na wenzake walikuwa wamefungua Abbey Theatre, jumba la michezo ya kuigiza lililotaka kuonyesha maisha ya Wairishi kwa macho ya Wairishi wenyewe. Na Novemba 1923, alipokuwa seneta, ikaja khabari kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Lakini kwa msomaji wa mambo ya lugha jambo moja lahitaji kutajwa kuliko hayo yote: Yeats hakukijua Kiairishi. Hadithi za kale alizozitumia katika kazi zake alizipata katika tafsiri za Kiingereza. Mtu huyu asiyeweza kuisoma hati moja ya kale ndiye aliyesimama Aprili 1923 kuitetea hazina ya hati hizo.

Ili kuelewa uzito wa hoja yake, yafaa kukumbuka hali ya lugha yenyewe. Kiairishi ni mojawapo ya lugha za Kikelti, na maandishi yake ni ya zamani sana katika Ulaya. Maelezo mafupi yaliyoandikwa na watawa pembeni mwa vitabu vya Kilatini katika karne ya 8 yamehifadhiwa hata leo Würzburg na miji mingine ya bara la Ulaya. Katika Dublin yenyewe, Royal Irish Academy ina Lebor na hUidre, kitabu kilichoandikwa yapata mwaka 1100, na chuo cha Trinity kina Kitabu cha Leinster cha karne ya 12. Lakini sarufi ya kwanza ya kitaalamu ya lugha hizo, Grammatica Celtica, ilitungwa na Mjerumani, Johann Kaspar Zeuss, ikachapishwa mwaka 1853. Na kwa muda mrefu baada yake mwanafunzi aliyetaka kukijua vyema Kiairishi cha kale alipaswa kwenda Ujerumani. Wakati huohuo lugha hai ilikuwa ikirudi nyuma mbele ya Kiingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 1926 iliwapata wasemaji wa Kiairishi katika Dola Huru kuwa kama 18 tu katika kila watu 100. Katiba ya 1922 ilikiita Kiairishi lugha ya taifa, na kukipa Kiingereza cheo sawa cha lugha rasmi. Lakini cheo katika katiba ni jambo moja, na maisha vinywani mwa watu ni jambo lingine.

Tena kulikuwa na msiba wa karibu zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, katika siku za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto katika majengo ya Four Courts uliteketeza nyumba ya kuwekea nyaraka za serikali, na humo zikapotea kumbukumbu za karne saba. Karatasi za mahakama, za makanisa na za hesabu za watu zilipeperushwa juu ya mji zikiwa majivu. Hoja ya Yeats ilikuja mwaka mmoja haujatimia tangu siku ile. Aliyeisikia hakuhitaji kufundishwa kwamba maandishi yasiyonakiliwa wala kuchapishwa yaweza kutoweka kwa saa moja.

Hoja yenyewe ilikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu ingeweza kuandikwa na mtaalamu wa isimu. Kwanza, hati za Kiairishi zilizokuwa zimelala katika Royal Irish Academy, katika Trinity na penginepo zihaririwe, ziorodheshwe na kuchapishwa. Pili, lahaja zilizo hai zichunguzwe kwa njia ya kitaalamu. Tatu, itungwe kamusi inayotosha ya lugha ya kale. Seneti iliikubali hoja, ikaunda kamati, na Yeats akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1924 kamati ikatoa taarifa yake. Ndani ya kazi hiyo hamna fahari ya ushairi. Mna ratiba, gharama na mpango wa kuwapa vijana wasomi kazi ya kufanya. Wanaomjua mtu huyu kwa mashairi yake tu hawamjui katika kiti hiki.

Si haki kudai kwamba yote yaliyofuata yalitokana na kamati ile. Kamusi ya Royal Irish Academy ilikuwa imekwisha kuanza kutolewa kwa sehemu tangu 1913, ikakamilika 1976 tu. Tume ya Hati za Kiairishi iliyoundwa 1928, chini ya uenyekiti wa mwanahistoria Eoin MacNeill, ilikuwa na wazee wengi. Uchunguzi mkubwa wa lahaja, atlasi ya Heinrich Wagner, ulitolewa kati ya 1958 na 1969, Yeats akiwa amekwisha kufariki. Lakini inatosha kuona kwamba mambo matatu yaliyotajwa katika hoja ya 1923 ndiyo mambo matatu ambayo wanachuoni wa Kiairishi waliyatumikia kwa nusu karne iliyofuata. Seneta asiye na jimbo aliweza kuandika katika kumbukumbu za taifa orodha ya kazi ambayo hakuna mpiga kura ye yote angaliidai.

Pamoja na hayo, Yeats huyohuyo aliwaudhi wapenzi wengi wa lugha. Mwaka 1923, lilipokuja shauri la kusoma dua ya baraza kwa Kiairishi, alilipinga. Na mwaka 1924, ulipojadiliwa mswada wa sheria ya reli, akapinga tena shauri la kuyaandika matangazo ya reli kwa lugha mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba kutamka maneno usiyoyafahamu, wala huna nia ya kujifunza, ni kuigiza, si kuipenda lugha. Na kwamba lugha ikigeuzwa kuwa kero kwa msafiri mwenye haraka, itachukiwa. Aliwasihi wenzake wasimdhani kuwa adui wa Kiairishi. Fedha na juhudi, kwa maoni yake, ziende kwa elimu na uchunguzi.

Hapa kuna mgogoro ambao kila mwenye kushughulika na lugha ya taifa aujua. Upande mmoja wasema: iheshimuni lugha hadharani kwanza, katika dua, katika vibao na katika hati za serikali, na ujuzi utafuata. Upande wa pili wasema: leteni ujuzi kwanza, kwani heshima isiyo na ujuzi ni ganda tupu. Yeats alisimama upande wa pili, na katika jambo la dua alikuwa na haki ya kuuliza swali lake, kwa kuwa wengi wa waliokuwa katika chumba kile hawakuielewa. Lakini katika jambo la vibao yadhihirika kwamba alikosea. Kibao cha stesheni hakimfundishi mtu sarufi. Humfundisha kwamba lugha ina mahali pake mchana kweupe. Vibao vya lugha mbili vilienea Ayalandi yote, wala havikuwafanya watu waichukie lugha. Kilichokidhoofisha Kiairishi katika vijiji vya magharibi kilikuwa umaskini na kuhama kwa vijana. Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003, na kukubaliwa kwa Kiairishi kuwa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya tangu Januari 2007, ni matunda ya upande ule alioubishia. Atakayeandika historia ya lugha hiyo hana budi kuziweka njia zote mbili katika mizani moja: kamati ya hati na kibao cha reli.

Yeats hakusema juu ya mambo ya taifa zima tu. Yako mambo ya mji mmoja au ya nyumba moja aliyoyapeleka barazani. Hugh Lane, mnunuzi wa picha, alikufa tarehe 7 Mei 1915 katika meli ya Lusitania iliyozamishwa karibu na pwani ya Ayalandi. Katika nyongeza ya wasia wake aliirudishia Dublin picha 39 ambazo hapo kwanza alikuwa ameziachia London. Lakini nyongeza hiyo, ijapokuwa ilikuwa na sahihi yake, haikuwa na mashahidi, na sheria ya Uingereza haikuitambua. Mwezi wa Mei 1923 Yeats aliieleza Seneti dai la mji wa Dublin. Picha hazikuja wakati wake. Mwaka 1959, miaka 20 baada ya kufa kwake, ndipo nchi hizo mbili zilipopatana kuzishiriki kwa zamu.

Jambo la pili lilikuwa la shule. Februari 1926 alizuru shule ya St Otteran's katika mji wa Waterford, iliyoendeshwa na masista na kufuata mafundisho ya Maria Montessori. Ziara hiyo yakumbukwa kwa shairi lake juu ya watoto wa shule. Lakini kabla ya shairi kuchapishwa ilikuwa imekwisha kuingia katika kumbukumbu za bunge. Mwezi wa pili yake Seneti ilipokuwa ikijadili mswada wa kuwalazimisha watoto wa miaka 6 hata 14 kuhudhuria shule, Yeats aliitaja shule aliyoiona kuwa kielelezo, kisha akauliza swali gumu: je, serikali yaweza kwa haki kumlazimisha mzazi ampeleke mtoto wake katika jengo chafu lisilo na joto? Sheria ikipewa mkono wa kulazimisha, ni lazima ipewe na mkono wa kufagia na kuwasha moto. Mswada ukawa sheria mwaka uleule. Swali la majengo lilibaki na wasimamizi wa shule kwa miaka mingi baadaye.

Hotuba iliyomfanya ajulikane zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya talaka. Chini ya utawala wa Uingereza, mtu wa Ayalandi aliyetaka talaka kamili alipaswa kuomba sheria ya pekee katika bunge la London. Njia hiyo ya gharama ilirithiwa na bunge la Dublin. Mapema mwaka 1925 Dáil ikataka kuifunga, kwa kufuata imani ya Wakatoliki walio wengi. Mambo yakaletwa Seneti, na tarehe 11 Juni 1925 Yeats akasimama kunena, naye akakatizwa mara kadha wa kadha. Alisema kwamba nchi inayotunga sheria kwa kufuata mafundisho ya dhehebu moja isitazamie kamwe kuwavuta Waprotestanti wa kaskazini wajiunge nayo. Kisha akaacha hoja akaingia katika sifa: akataja majina ya mababu wa Kiprotestanti, akina Swift, Burke, Grattan na Parnell, na kudai kwamba watu hao si wa kudharauliwa.

Hotuba ilisifiwa kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio ulioidhuru. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa hoja ya raia, iliyoweza kumgusa Mkatoliki na Mprotestanti sawasawa. Sehemu ya pili ilikuwa majivuno ya ukoo, nayo ikawapa wapinzani sababu ya kutoisikia ya kwanza. Katika mjadala huohuo James Douglas, seneta wa dhehebu la Quaker, alileta hoja ya utaratibu tu, yenye maneno makavu, ili kulinusuru baraza na ugomvi. Historia haikumkumbuka, lakini waliokuwamo walijua nani alikuwa akitafuta njia ya kupita. Kwa vyo vyote, hakuna mswada wa talaka uliopita katika bunge la Dublin. Katiba ya 1937 ikalikataza jambo hilo kabisa. Raia wakalikataa tena katika kura ya 1986. Na Novemba 1995, katika kura zaidi ya 1,600,000, wakalikubali kwa tofauti ya kura 9,114. Ilikuwa miaka 70 tangu hotuba ile.

Joto la mwaka 1925 lilimwunguza hata asiyehusika. Septemba ya mwaka huo ulifanywa uchaguzi wa maseneta, nchi nzima ikiwa jimbo moja, na watu 76 wakigombea viti 19. Miongoni mwao alikuwamo Douglas Hyde, mwasisi wa Chama cha Kigaeli cha 1893, mtu aliyekitumikia Kiairishi kuliko wengi, naye ni Mprotestanti. Ilienezwa kwamba alikuwa akiunga mkono talaka, na haikuwa kweli. Akashindwa. Basi baraza likabaki na mshairi asiyekijua Kiairishi, aliyeteuliwa, na likampoteza mwanachuoni aliyekijua, aliyewaomba watu kura zao. Hyde alilipwa baadaye: mwaka 1938 alikuwa Rais wa kwanza wa nchi chini ya katiba mpya. Lakini tukio hilo laonyesha kwa nini Cosgrave aliona haja ya kuteua wajumbe wengine bila uchaguzi, na laonyesha pia udhaifu wa njia hiyo, kwa kuwa aliyeteuliwa hukaa kwa hiari ya mtu mmoja na huondoka pasipo mrithi.

Ndivyo ilivyokuwa. Afya ya Yeats ilizidi kuwa mbaya, na muda wake ulipokwisha Septemba 1928 hakurudi. Kazi yake ya mwisho kubwa ilikuwa uenyekiti wa kamati ya sarafu, iliyotoa mwaka huohuo fedha zenye farasi, samaki, fahali, mbwa, sungura, kuku, nguruwe na ndege. Watu walizishika mikononi kwa miaka zaidi ya 40 bila kulijua jina la mwenyekiti. Seneti yenyewe ilifutwa mwaka 1936, ikarudishwa kwa sura nyingine na katiba ya 1937. Na Oktoba 2013 raia walipoulizwa kama ifutwe tena, walio wengi, kwa tofauti ndogo, walikataa.

Ukiyapanga mambo haya pamoja, yaonekana kwamba Yeats alishindwa zaidi pale aliposema kwa fahari zaidi, na kwamba yaliyodumu yalipita katika kamati: hati, sarafu, maswali ya shule. Hotuba ya talaka husomwa hata leo kwa uzuri wake. Taarifa ya hati haisomwi na mtu ila mtafiti. Lakini mwanafunzi wa Kiairishi anayefungua leo kitabu cha kale kilichohaririwa na kuchapishwa, akitafuta neno katika kamusi iliyokamilika, anafaidi kazi ambayo mtu asiyeijua lugha hiyo aliidai barazani mwezi wa Aprili 1923, majivu ya Four Courts yakiwa bado hayajazoleka.